UZI: Wanawake walioshika ukurasa wa chakula magazetini, na kwa nini maharage ya gazeti la Dar hayaivi Mbeya

#1 Mwanzisha uzi (Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi mrefu huu, mwenye chai aisogeze karibu.

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanjelwa asubuhi, baridi ile mnayoijua. Mama wa vitumbua akanifungia vinne kwenye kipande cha gazeti. Nimevila viwili nikaanza kusoma karatasi, maana mimi ni mgonjwa wa kusoma chochote kilichochapwa. Upande mmoja tangazo la mnada. Upande wa pili mapishi: maharage ya nazi. Mafuta yalishalowesha nusu ya viambato, ila mstari mmoja ulisomeka vizuri: chemsha dakika 45 hadi yaive.

Nikacheka peke yangu watu wakanitazama. Dakika 45? Mbeya hii?

Kwa wasiojua: mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300, maji yanachemka kwa joto pungufu kama nyuzi moja. Dar maji yanachemka nyuzi 100, hapa yanachemka nyuzi 94 hivi, ukienda Njombe ni chini ya hapo. Sufuria inatoa mapovu yale yale, mvuke ule ule, lakini joto linalopika maharage ni dogo. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani akiletewa maharage magumu anadhani mwenyeji mvivu. Si uvivu, ni mlima. Na kama ni maharage ya msimu uliopita ndiyo kabisa, utamaliza mkaa.

Sasa nikajiuliza: aliyeandika haya ni nani? Nikatafuta jina pale juu. Limeandikwa "Na Mwandishi Wetu".

Hapo ndipo uzi ulipoanzia. Kuna historia nzima ya hawa "waandishi wetu" wa chakula, na karibu wote ni wanawake. Iliyoandikwa kwa kina zaidi ni ya Marekani, na nimekuwa nikiifuatilia kwa muda, kwa hiyo nitaanza huko kisha nirudi nyumbani.

Kule, magazeti ya zamani yalikuwa na kurasa za wanawake: harusi, mitindo, malezi, mapishi. Mwanamke mwenye kalamu akienda kuomba kazi, dawati la siasa lilikuwa la wanaume, mahakamani wanaume, michezo ndiyo usiseme. Mlango uliokuwa wazi kwake ulikuwa wa jikoni. Basi wakaingia kwa mlango huo.

Na hata humo ndani mara nyingi hawakupewa majina yao. Magazeti ya kampuni ya Hearst yalikuwa na mwandishi wa mapishi aitwaye Prudence Penny. Mtu huyo hakuwepo. Lilikuwa jina la gazeti, na nyuma yake walikaa wanawake tofauti katika miji tofauti. Chicago Tribune walikuwa na Jane Eddington, baadaye Mary Meade, majina ya kubandika vile vile. Mwandishi akiondoka jina linabaki, anakuja mwingine analivaa kama aproni. Hata huku Afrika Mashariki tunaijua desturi hiyo, wasomaji wa Taifa Leo wamemwandikia "Shangazi" matatizo yao ya ndoa miaka na miaka. Nani anamuuliza Shangazi jina lake?

Aliyevaa aproni ya Mary Meade kwa muda mrefu kuliko wote ni Ruth Ellen Church. Alianza pale Tribune 1936, akaondoka 1974. Miaka 38! Alisomea mambo ya chakula na uandishi wa habari pamoja, kwenye chuo cha Iowa. Chini yake gazeti lilikuwa na jiko la majaribio, yaani mapishi hayachapwi mpaka yamepikwa yakaliwa. Mwaka 1962 akaanza safu ya mvinyo, na anatajwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo katika gazeti kubwa la kule.

Huyo wa maharage ya dakika 45 angepita kwenye jiko la majaribio la Mbeya tusingekuwa tunaongea sasa hivi.

Naendelea, msijibu kwanza.

#2 Mwanzisha uzi

Wa pili ndiye ninayempenda. Clementine Paddleford. Mzaliwa wa Kansas, mtoto wa shamba, 1898. Alihariri chakula pale New York Herald Tribune kuanzia 1936 hadi gazeti lilipokufa 1966. Akiwa na miaka thelathini na kitu alipata kansa ya koo. Alipona lakini akabaki na mrija shingoni wa kupumulia, na sauti ikawa ya kukwaruza. Aliuficha ule mrija kwa utepe wa kitambaa na kazi ikaendelea. Fikiria kazi yenyewe ilikuwa ya kuhoji watu!

Na alirusha ndege. Sitanii. Alikuwa rubani wa kindege kidogo cha Piper Cub, anakwenda nacho hadi vijijini, anaingia jikoni kwa mama wa watu, anauliza: hiki unakipikaje, ulifundishwa na nani? Zaidi ya miaka 12 ya safari hizo ikazaa kitabu chake cha 1960, How America Eats. Wakati wengine wanaandika mapishi ya Kifaransa kwenye hoteli kubwa, yeye alikuwa anaandika chakula cha mtu wa kawaida, na jina la mpishi analiweka.

Wa tatu ndiye wa kusikitisha. Jane Nickerson, New York Times, 1942 hadi 1957. Angalia mwaka alioanza. 1942 ndipo Marekani walipoanza kugawa sukari kwa kuponi kwa sababu ya vita, nyama ikafuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo mhariri wa chakula hakuwa mtu wa kupamba keki, alikuwa anawaeleza watu kuponi zao zitawafikisha wapi na familia itakula nini. Kama huo si uchumi, basi sijui uchumi ni nini.

Aliondoka 1957 akahamia Florida na familia yake. Akaja Craig Claiborne, mwanaume, hodari kweli, sina ugomvi naye. Lakini kwa miongo mingi watu wakasimulia kana kwamba uandishi wa chakula pale Times ulianza na yeye. Miaka 15 ya mama wa watu ikafunikwa kama chungu. Na si kwamba aliacha kazi: huko Florida alikuja kuhariri ukurasa wa chakula kwenye gazeti la mji mdogo wa Lakeland. Ilibidi kusubiri hadi 2014, mtafiti Kimberly Wilmot Voss alipotoa kitabu juu ya hawa wanawake, ndipo majina yao yakaanza kurudi.

Sasa mnaweza kujibu.

#3 Mdau wa Makambako

Mkuu umeandika vizuri ila mimi naona unakuza jambo. Mapishi si habari. Habari ni bajeti, barabara, uchaguzi. Gazeti lina kurasa chache, mambo ya vitunguu weka mwisho huko.

#4 Mwanzisha uzi

Mdau wa Makambako, wewe hasa ndiye nilikuwa nakusubiri, maana hapo njia panda yenu malori ya viazi yanapita mchana na usiku.

Chukua gunia la viazi la Njombe. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza, kisha anashonea juu kofia ya neti au ya gunia jingine, anajaza tena, anafunga kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja. Kule sokoni Dar viazi vile vile vinauzwa kwa kilo au kwa sado. Ile kofia imeliwa na nani?

Hiyo utaiweka ukurasa gani? Siasa? Biashara? Tangu nasoma magazeti, lumbesa inaandikwa kiongozi akiwa ziarani: "apiga marufuku lumbesa". Kesho yake kimya. Mhariri wa chakula mwenye ofisi Njombe au Mbeya angeiandika kila wiki, kwa sababu kwake yeye bei ya kiazi ndiyo kazi, wala hangoji ziara ya mtu.

Na sado yenyewe! Kile kindoo cha plastiki, jina limetoka kwenye rangi za Sadolin, leo ndicho kipimo cha kitaifa kisicho rasmi. Mapishi ya gazetini yanasema gramu 250 za mchele. Nani Mwanjelwa anauza gramu? Kuna sado, nusu sado, kibaba, bakuli, fungu. Na kuna sado iliyobonyezwa chini, mnaijua. Kila mwanamke wa mji huu akifika anapitisha mkono ndani ya kindoo kwanza kuhisi kitako kiko wapi. Huo mkono ndio uandishi wa habari za uchunguzi.

#5 Mdau wa Iringa

Kamwene! Hiyo ya mkono ndani ya sado nimecheka, mama yangu hadi leo hanunui bila kupiga kitako. Swali langu ni moja: hao wa Marekani ukurasa wao ulikuwa unalipwa na nani? Kwa sababu nikifungua ukurasa wa chakula siku hizi naona tangazo la mafuta ya kupikia, na mapishi chini yake yanataka mafuta hayo hayo.

#6 Mwanzisha uzi

Kamwene mkuu. Umegusa kidonda.

Ukurasa wa chakula kule ulinona kwa sababu ya matangazo ya maduka ya vyakula. Ndiyo yaliyoujaza. Na 1971 kikawaka. Seneta mmoja wa Utah, Frank Moss, alialikwa kwenye mkutano wa wahariri wa chakula Chicago, akasimama akawashambulia hapo hapo mbele yao kwamba wako mfukoni mwa watangazaji. Mwaka huo huo jarida moja la waandishi wa habari likachapa makala ya kuwashutumu kwa mtindo ule ule. Safari za kulipiwa, zawadi, chakula cha bure. Kwa lugha ya kwetu: bahasha.

Hapa mimi naamua hivi, mnipinge. Walikuwepo waliokula bahasha, bila shaka. Lakini nani aliuza matangazo? Si wao. Waliouza ni idara ya matangazo na mwenye gazeti, wanaume wa ghorofa ya juu, na faida ilikwenda huko. Lawama ikateremka mpaka kwa mama wa mapishi. Ni kama kumlaumu mpishi wa shule kwamba maharage yana dudu wakati mzabuni anajulikana.

Kilichonifurahisha ni walivyojibu. Miaka michache baadaye wakaunda chama chao cha waandishi na wahariri wa chakula, na rais wa kwanza akawa Peggy Daum wa Milwaukee Journal, gazeti la jimboni, si la New York. Wakajiwekea maadili. Chama hicho kimeishi hadi 2020 ndipo kikavunjwa.

#7 Mdau wa Makambako

Lumbesa umenipata, nakiri. Lakini bado ni hadithi za Marekani. Sisi kwetu ilikuwaje?

#8 Mwanzisha uzi

Haki yako.

Kwetu magazeti yalikaa Dar tangu mwanzo. Mambo Leo la serikali ya mkoloni, 1923, Dar. Ngurumo, Dar. Uhuru, 1961, Dar. Mzalendo, Dar. Sisi wa huku ni wasomaji wa umbali wa zaidi ya kilomita 800. Nikiwa mdogo gazeti la leo lilikuwa la jana, linashushwa na kondakta wa basi likiwa limekunjwa na lina harufu ya dizeli.

Kwa hiyo ukiniuliza mhariri wa chakula wa Nyanda za Juu Kusini alikuwa nani, sina jina la kukupa kutoka gazetini. Nina la nyumbani, na hilo sitalitaja.

Mama yangu alifundisha sayansi kimu. Mwaka 1975 serikali iliendesha kampeni ya redio, Chakula ni Uhai. Miaka miwili kabla ilikuwepo Mtu ni Afya, ile ya kuchimba vyoo, iliyofikia watu kama milioni 2. Mtindo ulikuwa mmoja: watu wanakaa kikundi kijijini, wanasikiliza kipindi, kuna kitabu, kuna kiongozi wa kikundi, wakimaliza wanajadiliana wafanye nini. Mama alikuwa kiongozi wa kikundi huko Rungwe, binti mdogo, redio ya mbao mapajani.

Anasema kipindi kilipowaambia mtoto aongezewe maharage na karanga kwenye uji, bibi mmoja alinyoosha mkono akauliza: hayo maharage yanasagwa yakiwa yameiva au mabichi? Na kama yameiva, kuni za kuyaivisha asubuhi kabla ya kwenda shamba analeta nani, wewe au redio? Kikundi kizima kikaangua kicheko. Mama akaandika swali lile kwenye daftari lake la kaunta. Ninalo hapa. Jalada limetoka, kurasa zimeshikwa kwa uzi wa gunia, na ndani kabandika vipande vya magazeti kwa gundi ya uji wa ngano. Mende wameila gundi, vipande vinaanguka ukifungua.

Pembeni ya kila mapishi ya gazeti ameandika kwa kalamu nyekundu, kama anasahihisha mtihani. "Nazi hakuna, tumia karanga." "Saa 2 si dakika 45." "Ndizi za huku ni laini, weka mwisho." Kwenye mapishi ya pilau: "Mchele wa Kyela hautaki maji haya yote." Ukurasa mmoja ni wa mbalaga, chakula chetu cha ndizi, hakuna kipande cha gazeti, kaandika mwenyewe kutoka kwa bibi, na juu kabisa kaandika jina la bibi kijiji na tarehe.

Paddleford bila ndege. Hiyo ndiyo ninayosema mimi.

Baadaye, kwa kuwa mmeuliza kwetu, 1987 waandishi wanawake waliunda chama chao, TAMWA, wakatoa jarida la Sauti ya Siti, jina la Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab. Hao walipigania mwanamke aandike na aandikwe kwa heshima, sheria, ukatili, afya. Chakula hakikuwa vita yao kuu na sishangai: baada ya kuambiwa miaka yote kwamba mahali pako ni jikoni, ukipata kalamu hukimbilii kuandika jikoni. Kule Marekani pia ilikuwa hivyo, vuguvugu la wanawake la miaka ya 1970 likazitazama kurasa za wanawake kama jela, magazeti yakazifuta au yakazibadilisha jina, na waliofanya kazi humo wakasahaulika na pande zote mbili.

#9 Mdau wa Tunduma

Ndaga fijo kwa uzi huu dada (nahisi ni dada). Naongezea moja la huku mpakani. Mnajua chikanda? Viazi vidogo vya maua ya okidi, vinachimbwa Makete na kwingineko huku juu, vinapita hapa kwenda Zambia. Wazambia wanavitwanga na karanga, wanatia magadi na pilipili, inatoka kama soseji nene, wanakata vipande. Tamu mno. Biashara ni ya kina mama wengi. Ila ukichimba kiazi umeua ua.

#10 Mwanzisha uzi

Ni dada, ndiyo, na asante. Hii sikuwa nayo kichwani na ni kubwa kuliko nyingi nilizoandika hapo juu.

Kitulo, ile tunayoiita bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa 2005, na sababu kubwa ni maua, okidi zikiwemo. Watalii wanakuja kupiga picha ua. Mama wa Makete anatazama chini ya ua anaona ada ya shule. Mzambia anaona kitoweo. Mwandishi wa mazingira ataandika uharibifu, wa biashara ataandika magendo, wa utalii ataandika mandhari. Anayeweza kuwakalisha wote watatu mezani ni mwandishi wa chakula, kwa sababu yeye ataanza na sahani.

Mdau, ukipita tena kwa hao kina mama waulize kiasi cha magadi kwa kibaba kimoja cha karanga. Nitaandika kwenye daftari, na kalamu nyekundu ninayo.

#11 Mdau wa Iringa

Dada, kabla uzi haujafungwa. Mke wangu anaoka keki kwa mapishi ya kwenye simu, inaumuka vizuri kisha katikati inabonyea kama shimo la barabara. Ni mlima huo huo?

#12 Mwanzisha uzi

Mlima huo huo shemeji. Hewa ya huku ni nyepesi, gesi ya beking pauda inavimba haraka kabla unga haujashika, ikitoka keki inaanguka. Mji wa Denver kule Marekani uko mita 1,609, karibu sawa na sisi, na gazeti lao la Denver Post lilikuwa na mhariri wake wa chakula, Helen Dollaghan, kwa miaka mingi. Watu wa Denver hawaoki kwa vipimo vya watu wa pwani.

Mwambie mama hivi. Kila kijiko cha chai cha beking pauda apunguze kama robo. Kila kikombe cha maziwa au maji aongeze vijiko 2 vya chakula. Sukari apunguze kijiko 1 cha chakula kwa kila kikombe. Kama anaoka kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria yenye mchanga, mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, na asifunue kabla ya nusu saa hata akisikia harufu. Akitoboa na njiti katikati ikatoka kavu, imeiva.

Ya kwanza ikibonyea, apunguze tena beking pauda kidogo na aandike pembeni ya mapishi alipunguza kiasi gani. Na tarehe.